Cheti changu ukutani, na dokta wa stoo

Cheti changu cha usajili wa ufamasia kimetundikwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, juu kidogo ya rafu ya dawa za kikohozi, mahali ambapo mteja yeyote anayesubiri chenji hukiona apende asipende. Jina lililoandikwa humo ni la kike na halina utata wowote. Hata hivyo, kwa miaka 11 niliyosimama nyuma ya kaunta hii ya Dar es Salaam nimeitwa dada, anti, sista, mama na nesi, lakini aliyeitwa dokta ni kijana wetu wa stoo. Kijana huyo aliajiriwa kubeba maboksi na kufagia. Katika wiki yake ya kwanza aliingia mzee mmoja mwenye dawa za presha, akanipita nikiwa nimesimama mbele yake, akamwinamia kijana aliyekuwa akifungua katoni za dripu na kumwambia, "Dokta, naomba unitazamie hii." Kijana akanitazama mimi. Mzee naye akageuka, akaniona, akasema kwa upole wote, "Binti, hebu mpishe dokta afanye kazi."

Kisa hiki sikisimulii kwa uchungu wa cheo. Neno "binti" likitoka kinywani mwa mzee wa umri wa baba yangu ni neno la mapenzi, na "nesi" si tusi hata kidogo, kwa kuwa mama yangu mdogo alikuwa nesi na ni yeye aliyenitia hamu ya kazi za hospitali. Tatizo lilikuja dakika mbili baadaye. Mzee alikuwa na karatasi mbili kutoka hospitali mbili tofauti, moja ikimwandikia amlodipine na nyingine nifedipine, dawa za ukoo mmoja ambazo mtu hapaswi kuzimeza pamoja isipokuwa daktari ameamua hivyo kwa makusudi, kwa sababu presha inaweza kushuka kupita kiasi. Nilimweleza asizitumie zote mbili na nikamwomba namba ya simu ya daktari wake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana wa stoo na kusubiri aitikie kwa kichwa. Kijana, Mungu ambariki, alimjibu, "Mzee, mfamasia ni huyo, mimi nabeba maboksi." Mzee alicheka, akidhani anataniwa.

Tangu siku hiyo nimeacha kulichukulia jambo hili kuwa la adabu tu. Mgonjwa anayeupuuza ushauri kwa sababu ya sauti iliyoutoa anaondoka na matumizi yasiyo sahihi ya dawa, na hilo ni kosa la dawa sawa na makosa mengine tunayoyaripoti, ila halina kisanduku chake kwenye fomu.

Mijadala mingi kuhusu usawa wa jinsia katika famasia huanza kwa kuhesabu wakubwa: nani mkurugenzi, nani mwenyekiti. Kwa hesabu hiyo Tanzania haina aibu kubwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliyoanza kazi mwaka 2003, iliongozwa katika miaka yake ya mwanzo na mfamasia mwanamke, Margareth Ndomondo-Sigonda, na ni wakati huo ndipo mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipoanzia mkoani Ruvuma. Baraza la Famasi limewahi kuwa na msajili mwanamke, Elizabeth Shekalaghe. Mwaka 2025 Wakala wa Dawa wa Afrika, wenye makao yake Kigali, ulimpata mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, naye ni mfamasia kutoka Ghana, Delese Mimi Darko. Ukitaka kulinganisha, Shirikisho la Kimataifa la Famasia lilianzishwa mwaka 1912 na likakaa miaka 102 kabla ya kumchagua rais wake wa kwanza mwanamke, Mhispania Carmen Peña, mwaka 2014. Katika utumishi wa umma, mfamasia mwanamke na mfamasia mwanamume walioajiriwa siku moja kwa sifa zilezile huingia katika ngazi ileile ya mshahara. Kwa hiyo anayeangalia juu tu, au anayeangalia serikalini tu, anaweza kurudi nyumbani akiwa ameridhika kabisa.

Mimi niko chini na niko katika duka la mtu binafsi, na ninayoyaona huku ni mengine.

Watarajali wanaokuja kwetu huwa nawashikisha boksi la dawa mseto ya malaria, ALu, iliyo dawa yetu ya kwanza ya malaria isiyo kali tangu sera ilipobadilishwa mwaka 2006, na kuwauliza kama wanajua ilikotoka. Wengi hutaja kampuni. Wachache humtaja Tu Youyou, aliyehitimu famasia mjini Beijing mwaka 1955, ambaye hakuwa na shahada ya uzamivu, na ambaye mwaka 1969 aliingizwa katika mradi wa siri wa jeshi la China wa kutafuta tiba ya malaria. Yeye na wenzake waliitoa artemisinini katika mmea wa pakanga, wakameza wao wenyewe dondoo la mmea huo mwaka 1972 kabla ya kuwapa wagonjwa, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Alipopelekwa kisiwani Hainan, binti yake mkubwa aliachwa katika kituo cha kulelea watoto, na mdogo alilelewa na babu na bibi. Walipoonana tena baada ya muda mrefu, mtoto hakumtambua mama yake. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kujitolea, na bila shaka ni hivyo, lakini mimi huwauliza watarajali wangu swali moja tu: tuna habari gani za watoto wa wanaume waliokuwa katika mradi ule ule? Hawana jibu, na mimi pia sina, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuwauliza wanaume hao walimwacha nani nyumbani.

Pengo letu sisi wa maduka binafsi liko mahali pawili, penye mtaji na penye saa za kazi, nami nitaanza na mtaji kwa sababu hauna maneno mengi. Sheria yetu inamruhusu mtu asiye mfamasia kumiliki famasi, mradi awe na mfamasia msimamizi. Maana yake ni kwamba mwenye taaluma na mwenye duka wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na katika uzoefu wangu mwenye duka ni mwanamume mara nyingi zaidi kuliko aliyesimama kaunta. Mwaka 2016 mimi na mwenzangu tuliyesoma naye tulitaka kufungua duka letu. Tulikuwa na vyeti viwili, akiba ya kikoba na mahali pazuri karibu na kituo cha daladala. Afisa mikopo wa benki tuliyoiendea aliniuliza mume wangu analionaje wazo hilo, na mwenzangu, ambaye hakuwa ameolewa, akaulizwa kuhusu baba yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini benki haipokei haki, inapokea hati, na hati za familia zetu zote mbili zilikuwa na majina ya wanaume. Ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi vya wanawake, inafaa sana kwa cherehani na kuku, lakini haitoshi kujaza rafu za famasi na kulipa pango la mwaka mzima.

Mwenzetu mwanamume wa darasa lile lile alifungua duka mwaka huo huo kwa dhamana ya kiwanja cha baba yake. Leo ana maduka matatu, ni mchapakazi, na ninamheshimu. Namtaja kwa sababu ya maneno aliyoniambia katika harusi ya rafiki yetu mmoja, akiamini kwa dhati kwamba ananipa sifa. Alisema kwamba kaunta zake zote ameziweka wanawake, kwa kuwa wanawake hawaibi, wana lugha nzuri kwa wagonjwa na hawana haraka ya kudai nyongeza. Nilipomuuliza nani anafanya manunuzi, nani anakwenda Kariakoo kujadiliana bei na wauzaji wa jumla, akataja majina matatu ya wanaume. Manunuzi ndiyo yanayomfundisha mtu biashara ya dawa: nani anakopesha kwa siku 30, dawa gani inakwama rafuni mpaka muda wake unaisha, wakati gani wa mwaka dawa za malaria zinapanda. Mwanamke aliyesifiwa kwa uaminifu na kuwekwa kaunta miaka kumi anajua wagonjwa wote wa mtaa kwa majina, lakini hajui kununua, na siku akipata mtaji ataambiwa hana uzoefu wa biashara. Sifa za namna hii zinanitia hofu kuliko dharau ya mzee wangu wa amlodipine, maana mzee angalau niliweza kumbishia.

Sasa saa za kazi. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, aliwahi pamoja na Lawrence Katz kuichunguza taaluma ya ufamasia nchini kwao, na walichokikuta kimekaa kichwani mwangu tangu nilipokisoma. Famasia huko imekuwa kazi yenye wanawake wengi kuliko wanaume, inayolipa vizuri, yenye pengo dogo la kipato kati ya jinsia, na ambayo mtu akifanya saa chache haadhibiwi sana katika malipo yake ya kila saa. Sababu waliyoipata haikuwa wema wa waajiri. Maduka ya watu binafsi yalipungua, minyororo mikubwa ya maduka na hospitali ikaajiri wafamasia wengi zaidi, na kompyuta zikahifadhi kumbukumbu za mgonjwa mahali ambapo mfamasia yeyote anaweza kuzisoma. Mfamasia mmoja akaweza kushika nafasi ya mwingine bila mgonjwa kupata hasara. Mtu anapokuwa na mbadala, kukosekana kwake kazini hakumgharimu mwajiri sana, na hapo ndipo mama mwenye mtoto mchanga anapoacha kuwa mzigo.

Nilipoyasoma hayo nililiangalia duka letu kwa macho mengine. Kwetu kila kitu kimo kichwani mwa mtu. Ni mimi ninayejua kwamba mama wa nyumba ya kijani hutumia metformin, dawa ya kisukari, lakini humsumbua tumbo asipokula kwanza, na kwamba fundi seremala wa mtaa wa pili hapewi diclofenac ya maumivu kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Nilijivunia sana jambo hilo, nikidhani ndilo linalonifanya niwe wa thamani. Kumbe ndilo lililoniponza nilipopata mtoto wa kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na inampa baba siku 3. Tofauti hiyo peke yake inamwambia mwajiri yeyote mwenye hesabu amwajiri nani. Nilichukua siku zangu 84. Niliporudi nilikuta wateja wangu wa dawa za kila mwezi wametawanyika kwenye maduka mengine, kwa kuwa aliyenishikia nafasi hakuwa na njia ya kujua wanatumia nini, na posho yangu ya usimamizi ilikuwa imepunguzwa kwa maelezo kwamba mauzo yameshuka. Kwa upande wa mauzo, bosi hakudanganya. Sheria hiyo hiyo inampa mama saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Katika duka la wafanyakazi watatu, na mimi nikiishi mbali, saa hizo zilikuwa stoo, nimeketi juu ya katoni ya dripu na kukamua maziwa. Friji pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya insulini na chanjo, na chakula cha aina yoyote hakiruhusiwi kuwekwa humo. Msimamizi wa kanuni hiyo nilikuwa mimi mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nikiyamwaga maziwa ya mwanangu kwenye sinki la kunawia mikono, halafu narudi kaunta kumshauri mama mwingine umuhimu wa kunyonyesha miezi sita.

Kabla ya mtoto wa pili nilinunua daftari kubwa la jalada gumu. Kwa miezi mitano niliandika humo, kwa idhini yao, wagonjwa wetu wote wa kisukari, presha, pumu na kifafa: dawa, dozi, mzio, siku wanayokuja, mambo ya kuangalia. Daftari hukaa ndani ya droo yenye kufuli, na ufunguo hushikwa na mtoa dawa aliye zamu. Mwanzoni fundi sanifu wetu wa dawa alilalamika kwamba ni kazi ya karani. Nilipokwenda likizo, mfamasia aliyekuja kunishikia alilisoma kwa siku mbili, na niliporudi wateja walikuwa wamebaki karibu wote. Posho haikuguswa. Nimehudhuria semina kadhaa za jinsia zenye chai nzuri na mabango ya rangi, na sikumbuki hata moja iliyonisaidia kama daftari lile la shilingi elfu kumi na mbili. Najua pia gharama yake: sasa mimi si wa pekee tena, na bosi akitaka kunibadilisha ni rahisi zaidi kuliko zamani. Wafamasia wa minyororo ya Marekani nao huilalamikia hali hiyo, kwamba wamekuwa kama betri, ikitolewa moja inaingizwa nyingine. Nimelipima jambo hilo na bado nachagua daftari.

Nisiwasingizie wanaume peke yao. Miaka mitatu iliyopita niliombwa kukaa kwenye usaili wa fundi sanifu dawa kwa ajili ya tawi jipya. Waliokuja mwisho walikuwa wawili, msichana na mvulana, na msichana alijibu vizuri zaidi maswali ya dozi za watoto. Nikamuuliza kama ameolewa, na kama anatarajia kupata mtoto karibuni. Mvulana sikumuuliza. Sheria ya ajira inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na hilo nilikuwa nalijua kwa miaka mingi, lakini swali lilitoka kinywani mwangu kana kwamba ninauliza saa. Alijibu kwamba ana mchumba. Tulimchukua mvulana. Nilijifariji kwamba tawi lilikuwa jipya na lilihitaji mtu wa uhakika, na yule mvulana aliondoka baada ya miezi minne kwenda kuuza vipuri vya pikipiki na mjomba wake.

Hata upande wa mteja nimejikuta nikifanya vivyo hivyo. Msichana akiomba P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, nilikuwa namuuliza umri, namuuliza mara ya mwisho alitumia lini, na sauti yangu inapanda kidogo kiasi kwamba foleni nzima inasikia. Mvulana akiomba kondomu nilimpa na chenji yake. Maswali ya kitaalamu kuhusu P2 yapo na yana maana, hasa saa ngapi zimepita, lakini yanaulizwa kwa sauti ya chini na pembeni, na siku hizi tuna kiti nyuma ya pazia kwa kazi hiyo. Wanaume wanaotaka sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, nao hunikwepa, huzunguka nje mpaka wanione nimeingia stoo. Wengine wana presha na ugonjwa wa moyo, wanameza nitrati, aina ya dawa za moyo, na mchanganyiko huo unaweza kuua. Ndiyo maana kijana wetu wa maboksi, ambaye sasa anasomea ufundi sanifu wa dawa, nilimfundisha swali moja la kumuuliza kila mwanamume wa aina hiyo kabla hajapewa kitu: unatumia dawa yoyote ya moyo? Akisema ndiyo, kijana anakuja kuniita. Bado wanamwita dokta, na safari hii nimeamua jina hilo litumike kwa faida ya mgonjwa.

Limebaki suala la zamu ya usiku. Baada ya mtoto wa kwanza bosi aliniondoa usiku "kwa usalama wako," na hakunirudisha. Sheria inamkataza mama kufanya kazi usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua, basi. Mwanangu huyo sasa yuko darasa la tatu. Kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo, lakini si hiyo ninayoilalamikia zaidi. Bosi wetu huja kufunga hesabu saa tatu usiku, na ni hapo, kwenye kaunta, wakinywa kahawa, ndipo yeye na walio zamu wanapoamua wiki ijayo tununue nini na kwa nani. Nimekuwa nikisimamia duka ambalo maagizo yake nayakuta asubuhi yameandikwa tayari.

Mwezi uliopita nilimwandikia barua rasmi nikiomba nirudishwe kwenye zamu za usiku, mbili kwa wiki, na nikaambatanisha ratiba inayoonyesha nani atashika mchana wangu. Aliisoma mbele yangu, akaikunja vizuri, akasema hana tatizo lolote, ila kwanza atazungumza na shemeji. Shemeji, yaani mume wangu, ni mwalimu wa fizikia, na hajui hata tunafunga saa ngapi.